Yowe Juu ya Jabali

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia naacha ninachofanya na kukaa chini. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa tisa, na mimi msichana wa miaka kumi na tisa nimesimama juu ya jabali nyuma ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ilongero, nimeshika kipaza sauti. Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Usicheke. Najua unanitazama na kitenge changu na haya meno yaliyobaki, unajiuliza roki na bibi huyu walikutana wapi. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, ila huo wangu bado unaniwasha macho.

Tulikuwa watu watatu. Mkubwa wetu alikuwa Elia, mpiga gitaa, mtoto wa fundi cherehani, kijana wa vidole virefu na maneno mengi. Hamisi alipiga ngoma, na kwa upole wake alikubali kila alichoambiwa. Mimi, Monika, niliimba. Tulijiita Majabali, maana huku kwetu Singida ukikosa kitu kingine cha kujivunia, mawe yapo.

Mambo yote yalianza na boksi la kaseti. Pale sekondari alikuwepo mwalimu wa hisabati, Mmarekani, aliyependa muziki wa wazee wa kwao kuliko alivyopenda chakula. Alipoondoka alimwachia Elia boksi zima. Tulizisikiliza kaseti zile mpaka zikaanza kukoroma. Ndani yake mlikuwa na wakulima maskini wanaoimba puani na vinanda vya nyuzi, mlikuwa na akina mama wa makanisa ya mbao wanaopiga makofi, mlikuwa na Mwafrika wa huko, mjukuu wa watumwa, anayetelezesha shingo ya chupa juu ya gitaa mpaka gitaa linalia kama mtu. Elia alisema roki yote ya Marekani imechipua hapo. Vijana wa huko walichukua nyimbo za wazee wao, wakaziunganisha na umeme na ngoma nzito, dunia ikacheza. Basi na sisi, akasema, tusiimbe nyimbo zao. Tuchukue za wazee wetu, tuzifanye vivyo hivyo.

Wazo lilikuwa zuri, sitamnyima haki yake. Tulichukua wimbo wa kutwanga uwele, tukauwekea gitaa, ukapendeza. Tulichukua wimbo wa kuchunga, nao ukakubali. Watu walianza kutusikia, na mimi nikaanza kutembea kijijini nimeinua shingo.

Halafu Elia akanisikilizisha kaseti moja ambayo haikuwa na gitaa wala ngoma. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja tu, analia katikati ya shamba, anaita kwa mbali, na hakuna anayemjibu. Nywele zilinisimama. Elia akazima redio, akaniuliza sisi Wanyaturu tunalia namna gani tukiwa mbali na watu.

Nilijua jibu, na hapo ndipo kosa langu linapoanzia. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilimwambia: tunapiga yowe.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Zamani ile simu hazikuwepo, na polisi walikuwa Singida mjini. Ng'ombe wakiibwa, au fisi akiingia zizini, au mtu akivamiwa, mwenye shida alipiga yowe. Lilikuwa na mtindo wake, linapanda mara mbili kisha linakatika, na kila mtu alilijua toka tumboni mwa mama yake. Aliyelisikia alikuwa na kazi mbili. Kwanza alipige na yeye, ili wa mbele wasikie. Pili ashike fimbo au mkuki au upinde akimbilie lilikotoka, bila kuuliza. Wakati wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijiji, mwanaume aliyelisikia akabaki kwake aliitwa mbele ya wazee na kuadhibiwa, maana leo ni zizi la mwenzako, kesho ni lako.

Nilimsikia mama yangu akilipiga mara moja tu, nikiwa na miaka saba, siku walipochukua ng'ombe wa baba. Baadaye nikiwa nacheza na wenzangu nilijaribu kulipiga. Mama alinichapa kiboko, yeye ambaye hakuwa mchapaji, kisha akanikalisha akaniambia yowe halijaribiwi. Alisema hata ukilijua vizuri namna gani, liache kifuani mpaka siku litoke lenyewe. Nilisikia maneno yale kwa masikio yote mawili, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu, lakini guu lililovunjika siku ile halikuwa langu.

Elia alitaka sauti ile na mwangwi wake. Akaazima kwa mjomba wake lile tarumbeta linalofungwa juu ya gari la matangazo, pamoja na kipaza sauti chake cha mkononi na betri, tukavipakia kwenye mkokoteni mpaka chini ya jabali, tukavipandisha kwa mabega. Redio ya kaseti ya kurekodia tuliiweka hatua kadhaa pembeni. Tarumbeta tulilielekeza kwenye mawe ya ng'ambo ya bonde, ili sauti iende ikagonge irudi.

Mara ya kwanza upepo uliharibu. Mara ya pili Elia alisema naimba, na yeye hataki niimbe. Akaniambia nimkumbuke mama yangu siku ile ya ng'ombe. Nikafumba macho, nikamkumbuka, nikapiga. Mwanangu, lilitoka. Mpaka Hamisi aliacha kutafuna muwa.

Mwangwi ukarudi kutoka kwenye mawe, safi kabisa. Kisha, baada ya kimya kidogo, ukarudi mwingine.

Elia alifurahi. Alinong'ona kwamba mawe haya yanarudisha mara mbili, nisiseme kitu, mkanda unazunguka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Sauti ile ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, nzito, inatoka upande wa mashamba ya chini. Kabla sijameza mate ikaja ya tatu, ya mwanaume, mbali zaidi, na ya nne mbali kuliko hiyo. Kwa tarumbeta lile nilikuwa nimefikisha yowe mahali ambapo koo la mtu halifiki. Nililisikia likipita kutoka kijiji kwenda kijiji.

Vumbi likaanza kuonekana. Wanaume walikuwa wakitoka mashambani na kwenye nyumba, wanakimbia. Hamisi, Mungu amsamehe, aliwapungia mkono. Alidhani wamekuja kutusikiliza. Na mimi kwa muda mfupi nilitamani iwe hivyo, nikajaribu kuamini, mpaka nikaona mikuki.

Hawakutazama juu. Njia ya ng'ombe inapita chini ya jabali lile, na njiani alikuwepo mtu mmoja anaswaga maksai wawili. Hakuna aliyemjua. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliitwa Yohana, Mgogo wa Kintinku, aliyekuwa amenunua maksai wake mnadani kihalali na kibali kiko mfukoni, anarudi nao kwao kwa miguu. Aliona watu wenye silaha wanamjia kutoka pande tatu. Akafanya ambalo hata wewe ungefanya. Akaacha ng'ombe, akakimbia.

Basi ikawa imekwisha. Yowe limepigwa, mgeni ana ng'ombe, mgeni anakimbia. Hata mtoto angejumlisha.

Walimkamata kwenye kichaka cha miiba. Alipiga kelele kwa Kigogo, hofu imemsahaulisha Kiswahili, na kwa kuwa hawakumwelewa ikawa vibaya zaidi. Tulikuwa juu yao kabisa, tunaona kila kitu. Nilianza kushuka, Elia akanishika mkono. Akasema wakijua ni sisi watatuua sisi. Akasema tulale kifudifudi, watachoka, watampeleka ofisini, mambo yatajulikana huko.

Sitakudanganya, mwanangu. Nililala. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, niliogopa fimbo, niliogopa uso wa baba yangu, ambaye nilimwona kwa macho yangu miongoni mwa wale waliokuwa wanapiga. Jiwe lilikuwa la moto chini ya shavu langu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kimewashwa, na neno moja tu lingetosha, na mimi nilikifunika kwa kiganja ili hata pumzi yangu isisikike. Sijui ni muda gani. Huenda ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Kila fimbo niliisikia.

Kilichonitoa pale si ushujaa. Yule mtu aliacha kupiga kelele, na kile kimya kilinitisha zaidi ya fimbo. Nikainuka, nikaondoa kiganja, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwacheni. Hakuna mwizi. Yowe nimelipiga mimi."

Watu wote waliinua nyuso. Nadhani wengine walidhani ni mzimu. Nikarudia kwa Kinyaturu, nikataja jina langu na la baba yangu, na fimbo zikashuka.

Mzee Ntandu ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu. Alikuwa mzee mfupi, mwenye koti la kijeshi lililokosa vifungo, na siku zote nilimwamkia shikamoo nikipiga goti. Siku ile nilishuka jabalini nikapiga magoti yote mawili na hakuniitikia. Kwanza aliagiza maji, yeye mwenyewe akamnywesha yule mtu, akamfunga mkono kwa vipande vya mti na kitambaa, maana ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, na mfupa ulionekana. Akampandisha kwenye mkokoteni wetu, ule tuliopakia vyombo, apelekwe zahanati. Akasoma kile kibali cha mifugo mbele ya watu wote, polepole, na wanaume walianza kutazama chini. Baba yangu aliketi juu ya jiwe akashika kichwa. Kisha mzee akanigeukia mimi.

Nilimweleza yote, maana sikuwa na akili ya kutunga uongo. Nilimweleza kaseti, na Marekani, na yule mtu anayelia peke yake shambani. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea matusi, na laiti angenitukana.

Akaniuliza, "Huyo wa kwenye kaseti, alikuwa na shida?"

Nikasema ndiyo, alikuwa mtu wa kuteseka.

"Na wewe hapo juu, shida yako ilikuwa ipi?"

Niligeuka, mwanangu, nikautazama mkokoteni uliombeba yule mtu. Mzee Ntandu alitikisa kichwa, akasema wale watu walilia kwa sababu walikuwa na la kulilia, na mimi nimechukua kilio cha watu nikakifanya pambo. Akasema tena, na hili lilinikata maini, kwamba wanaume hawa hawakukosea. Walisikia, wakaja, kama walivyofundishwa. Ila sasa kila mmoja wao, yowe lijalo, atasimama mlangoni kwanza ajiulize kama ni Monika. Na katika kusimama huko kuna mtu atakufa.

Wazee walikaa siku mbili. Familia za Elia na Hamisi zilimlipa Yohana mbuzi, na waliompiga nao walitoa wa kwao. Mimi wazee waliniamulia jingine. Yohana alikuwa mkulima mwenye mkono mmoja sasa, na mvua ziko karibu. Wakasema aliyepiga yowe atakwenda Kintinku akalime shamba lake msimu mzima. Elia, kabla ya wiki kwisha, alipanda lori la kwenda Arusha na gitaa lake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini usaha wenyewe kila mtu humwachia mwenzake aufute.

Nilifika Kintinku na mama yangu mkubwa aliyenisindikiza. Niliogopa kuingia ua ule. Mkewe, Mama Neema, alituitikia salamu bila kututazama, akanionyesha mahali pa kulala na jembe. Sikumlaumu. Nililima, nikapanda mtama, nikapalilia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyeniambia. Lakini hiyo haikuwa adhabu, mwanangu. Jembe nililizoea. Adhabu ilikuja mtama ulipoanza kukomaa.

Unajua mtama ukikomaa ndege hushuka kama wameitwa. Watu wote huenda shambani kuamia, kuanzia alfajiri, wanapiga kelele na madebe, wanawapigia ndege ukelele mpaka sauti zinakauka. Asubuhi ya kwanza nilipanda kichuguu, nikavuta pumzi, nikapiga ukelele wa kufukuza ndege. Nikasikia kitu kimeanguka nyuma yangu. Alikuwa Yohana. Alikuwa amekuja kutazama kazi yangu, na sasa alikuwa chini kati ya mabua, magoti yamegusa kidevu, mkono mzima juu ya kichwa, ule mwingine uliopinda ukijaribu kuinuka na hauwezi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Mtu mzima, baba wa watoto wanne.

Nilishuka nikakaa karibu naye. Sikuthubutu kumgusa. Mama Neema alikuja mbio, akamwinua, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Alisema ndivyo alivyo tangu arudi, na kwamba watoto wa nyumba ile wameacha kucheza michezo ya kelele.

Tangu siku ile nililinda shamba lile bila sauti. Wenzangu wa mashamba ya jirani waliimba na kupiga madebe, ndege wakawakimbia wakaja kwangu, na mimi nikakimbia huku na huku kati ya mabua nikipunga kanga, kutoka kona hii hadi kona ile, mdomo nimeufunga. Siku arobaini na zaidi. Miguu ilivimba. Koo langu, ambalo Majabali walilitegemea, sikulitumia hata kuimba wimbo mdogo. Kila ndege aliponitoroka akala, nilijua ni chakula cha watoto wale. Usiniulize kama nililia. Nililia kimya, kama nilivyofanya kazi yote.

Tulivuna pungufu, lakini tulivuna. Siku ya kuondoka nilipiga goti mbele ya Yohana nikamwomba radhi kwa mara ya tano au ya sita. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana inauma. Akaniambia, "Mimi nimekusamehe, binti. Mwili ndio haujapata habari."

Akanipa debe la mtama nipeleke nyumbani. Nilipofika nilishindwa kuula.

Sasa nisikilize. Jumapili ulinijia na wenzako wa bendi, mkanisalimu vizuri, shikamoo zenu nilizipenda. Mkaniambia na ninyi mnasikiliza wale wazee wa Marekani, siku hizi wako kwenye simu, na mnatafuta sauti za wazee wa kwenu. Nilifurahi, moyo wangu ukawa kijana. Halafu ukatoa simu, ukaniambia, bibi, tupigie lile yowe la zamani, turekodi. Nikainuka nikaingia ndani. Mlidhani nimekasirika. Nilikuwa natetemeka, mwanangu, sikutaka mnione.

Nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukasema bibi alizungukazunguka. Chimbeni mizizi, mmefanya vema. Nyimbo za kutwanga nitawapa zote, za kuchunga, za harusi, hata zile za mchezo tulizoimba wazazi hawapo. Pigeni magitaa yenu mpaka bati zitikisike. Lakini kabla hujachukua sauti ya mtu, uliza kwanza sauti hiyo ilikuwa inafanya kazi gani. Ziko zilizozaliwa kufurahisha, hizo ni zako. Na ziko zilizozaliwa kuokoa, hizo si za kuchezea, kwa sababu siku zitakapohitajika hazitakuwa na nguvu, au zitakuwa na nguvu nyingi na zitamwangukia asiye na hatia. Ukitaka kuimba kilio, imba chako. Kama huna, mshukuru Mungu, imba kingine.

Na ukikosea, maana utakosea, usilale juu ya jiwe ukisubiri wengine wachoke. Sema mapema. Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtoto, ningeweza kusamehewa na hata mimi mwenyewe ningejisamehe. Lile la pili, la kufunika kipaza sauti kwa kiganja, lilivunja mkono wa mtu, na huo mkono ninao hapa kifuani.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki sauti yako, avipe vidole vyenu wepesi na aipe mioyo yenu adabu. Uimbe uzeeke ukiimba. Nakuombea usije ukapiga yowe maishani mwako. Na kama itakubidi, shida ikiwa ya kweli na uko peke yako, nakuombea watu walisikie, waamini, waje.